Ritifaa na Hesabu ya Mkulima: Namna ya Kuunda na Kupima Programu za Tovuti

Katika maandishi ya Kiswahili kuna alama ndogo ambayo wasomaji wengi huipita bila ya kuitazama. Nayo ni ritifaa, yaani kile kimkato kinachopandishwa juu ya mstari katika maneno kama ng'ombe, ng'ambo na ng'ara. Ingawa ni ndogo, kazi yake ni kubwa: ndiyo inayotenganisha neno ng'oa, lenye maana ya kutoa kitu pamoja na mizizi yake, na neno ngoa, lenye maana ya tamaa au wivu. Aidha, alama hiyo imo katika majina ya watu wengi wa Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa Wasukuma kuna akina Ng'wandu, miongoni mwa Wakikuyu kuna akina Ng'ang'a, na miongoni mwa Wakalenjini kuna akina Lang'at.

Mtu mwenye jina la namna hiyo anapojaza fomu kwa njia ya kompyuta au simu, huenda akajibiwa kwamba jina lake si sahihi, au akaona kazi yote imekwama bila ya maelezo. Mtambo hauna chuki na kabila lolote. Sababu iko katika namna programu ilivyoandikwa, na namna ilivyopimwa au ilivyoachwa bila kupimwa kabla ya kukabidhiwa kwa wananchi. Katika makala haya tutaifuata alama hiyo ndogo ndani ya mtambo, na kwa kuifuata tutaeleza baadhi ya kanuni ambazo waundaji wa programu za tovuti hawana budi kuzishika. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Siku hizi usajili, malipo, matokeo ya mitihani na hata kumbukumbu za wagonjwa hupitia katika programu hizo, na mtu asiyeandikika katika daftari huwa kana kwamba hayupo.

Programu ya tovuti ni kitu gani?

Ili maelezo yasielee hewani, na tuchukue mfano mmoja ambao tutakwenda nao hadi mwisho. Tuseme chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa pamba katika Usukuma kinataka kuliondoa daftari lake la karatasi na kuweka programu mahali pake. Karani ataandika jina la mwanachama, uzito wa pamba mbegu aliyoileta, bei na malipo. Naye mwanachama ataweza kuitazama hesabu yake kwa simu akiwa nyumbani.

Programu ya namna hiyo ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kivinjari, ambacho humo katika simu au kompyuta ya mtumiaji na huonyesha kurasa na fomu. Sehemu ya pili ni seva, yaani kompyuta iliyo mbali ambayo hupokea maombi, huyatafakari kwa kufuata amri ilizopewa, kisha hurudisha majibu. Sehemu ya tatu ni hifadhidata, ambayo ndiyo ghala la kumbukumbu zote. Mfumo wa kurasa zinazounganishwa kwa intaneti ulipendekezwa na Tim Berners-Lee mwezi Machi 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN karibu na mji wa Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mtu yeyote aweza kuutumia ufundi huo bila ya kulipa chochote, na tangu hapo ukaenea ulimwenguni kote.

Mazungumzo kati ya kivinjari na seva ni ya ombi na jibu. Kivinjari huomba, seva hujibu, na baada ya hapo seva haikumbuki aliyeiomba ni nani, mpaka aonyeshe tena kitambulisho chake. Kitambulisho hicho kidogo, kiitwacho kuki, kilibuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994. Jambo la kushika hapa ni kwamba seva haimwoni mtu. Inaona maandishi tu. Maandishi hayo yaweza kuwa yametoka kwa karani mwaminifu, au kwa karani aliyechoka, au kwa mwizi aliyeko ng'ambo ambaye hakuifungua fomu kabisa bali ameunda ombi lake mwenyewe. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kila kinachotoka nje kikaguliwe na seva yenyewe. Ukaguzi unaofanywa na kivinjari ni msaada kwa mtumiaji, wala si ulinzi.

Alama moja, kazi mbili

Hifadhidata nyingi huzungumzwa nazo kwa lugha iitwayo SQL. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Edgar Codd mwaka 1970, na lugha yenyewe ilitolewa mwaka 1974 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce; wote watatu walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya IBM. Karani wetu akitaka kujua uzito wa pamba ya mwanachama aitwaye Pendo, programu huipelekea hifadhidata sentensi kama hii:

SELECT uzito FROM mauzo WHERE jina = 'Pendo'

Maana yake ni: chagua uzito kutoka jedwali la mauzo, pale ambapo jina ni Pendo. Vimkato viwili vinavyolizunguka jina ni kama ua wa boma. Kilichomo ndani ya ua ni jina, na kilicho nje ya ua ni amri. Sasa tumweke Ng'wandu mahali pa Pendo. Sentensi itakuwa:

SELECT uzito FROM mauzo WHERE jina = 'Ng'wandu'

Msomaji anaona jina. Hifadhidata haioni hivyo. Inaona ua uliofunguliwa, herufi mbili Ng, kisha ua uliofungwa. Na baada ya hapo inakuta neno wandu, ambalo halimo katika lugha yake, likifuatwa na ua mwingine uliofunguliwa bila ya kufungwa. Ikiwa haielewi, hukataa. Karani huambiwa kwamba kuna hitilafu, naye mkulima huondoka bila ya stakabadhi.

Kwa nini hitilafu kama hiyo huweza kukaa miaka bila ya kuonekana? Kwa sababu mwenye kuiunda programu huijaribu kwa majina anayoyafikiria kwanza, na majina hayo aghalabu ni mepesi. Programu hufanya kazi barabara kwa Pendo, Juma na Neema, na kila mtu hudhani imekamilika.

Hata hivyo, kukwama si hatari kubwa kuliko zote. Ikiwa jina la mtu mwema laweza kubomoa ua bila ya kukusudia, basi mtu mwovu aweza kuubomoa kwa makusudi. Tuseme mahali pa jina ameandika ' OR 'a'='a. Sentensi itasomeka hivi:

SELECT uzito FROM mauzo WHERE jina = '' OR 'a'='a'

Sasa hifadhidata imeambiwa itoe kila mstari ambao jina lake ni tupu, au ambao herufi a ni sawa na herufi a. Na kwa kuwa a ni sawa na a siku zote, hesabu za wanachama wote hutolewa nje. Mbinu hii ilielezwa hadharani mwaka 1998 na Jeff Forristal, lakini miaka mingi baadaye ilikuwa ingali ikileta hasara. Haikuhitajika teknolojia mpya kuivunja milango ya makampuni makubwa: mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa kwa njia hiyo habari za wateja wake wapatao 157,000, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000. Ndiyo kusema kwamba programu inayomkataa Ng'wandu haina kasoro ya adabu peke yake. Imeacha mlango wazi, na Ng'wandu amefanya hisani kuuonyesha.

Dawa ya kweli na dawa ya uongo

Dawa ya uongo ni kupiga marufuku ritifaa. Wako waundaji ambao, wakishakutana na hitilafu hii, huongeza amri ya kukataa kila jina lenye alama isiyo herufi. Kwa njia hiyo kosa la fundi hugeuzwa kuwa kosa la mwananchi. Mkulima hulazimika kuandika jina ambalo si lake, nalo halitalingana na jina lililomo katika kitambulisho chake siku atakapokwenda benki.

Dawa ya kweli ni kutenganisha amri na habari. Hifadhidata hupelekewa kwanza sentensi yenye nafasi tupu, kwa kawaida ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina:

SELECT uzito FROM mauzo WHERE jina = ?

Hifadhidata huisoma sentensi hiyo na kuielewa kabla ya kuona jina lolote. Kisha jina hupelekwa peke yake, kama bahasha iliyofungwa, likatiwa katika nafasi ile. Kwa kuwa amri imekwisha kueleweka, hakuna kilichomo katika bahasha kinachoweza kuwa amri. Ng'wandu hupita na mwizi hukwama. Lugha zote za kuandikia programu zinazotumika sana leo zina njia ya kufanya hivyo, wala gharama yake haizidi ile ya kuunganisha maneno kwa mkono.

Hatari hiyo hiyo hurudi wakati wa kuonyesha habari katika ukurasa. Lugha ya kurasa, HTML, hutumia alama ya < kuanzisha amri zake. Mtu akiandika amri mahali pa jina, nayo ikaonyeshwa bila ya kugeuzwa, kivinjari cha kila atakayeutazama ukurasa huo kitaitii. Mwezi Oktoba 2005 kijana mmoja wa Marekani, Samy Kamkar, aliweka amri za namna hiyo katika ukurasa wake wa MySpace, na kwa muda wa saa zipatazo 20 zilikuwa zimejinakili katika kurasa za watu zaidi ya milioni moja. Kanuni ni kwamba habari ihifadhiwe kama ilivyoandikwa, kisha igeuzwe wakati wa kutolewa, kwa kufuata mahali inapotolewa. Wanaokiuka kanuni hii kwa kuigeuza mapema ndio ambao ujumbe wao wa simu humfikia mkulima ukimwita Ng&#39;wandu.

Lipo na jambo la tatu. Kompyuta huzitambua herufi kwa nambari, na kwa macho ya kompyuta ritifaa si moja. Ritifaa iliyonyooka ni nambari 39, ile iliyopinda ni nambari 8217, na iko nyingine, nambari 700, iliyotengwa kwa ajili ya lugha ambazo alama hiyo ni sehemu ya herufi. Simu nyingine huandika ile iliyonyooka, nyingine huipinda zenyewe bila ya kumwuliza mtu. Matokeo yake ni kwamba Ng'wandu aliyesajiliwa kwa kompyuta ya ofisini huenda asionekane akitafutwa kwa simu. Ufumbuzi ni kuweka jina mara mbili: mara moja kama mwenyewe alivyoliandika, kwa ajili ya kulionyesha na kulichapa, na mara ya pili likiwa limeondolewa ritifaa za kila namna na kugeuzwa kuwa herufi ndogo, kwa ajili ya kutafutia tu. Na kwa kuwa watu wawili waweza kuwa na jina moja, mwanachama atambuliwe kwa nambari yake ya uanachama, jina likiwa la kumwita.

Mawe ya mizani

Sasa tufike katika kupima. Wakulima wa pamba wa Usukuma wanaijua maana ya kupima kuliko watu wengi. Malalamiko juu ya kupunjwa katika mizani ya wanunuzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuunda vyama vyao vya ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata ikaanzishwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Mizani haiaminiwi kwa sababu inang'aa. Huaminiwa kwa sababu jiwe ambalo uzito wake unajulikana limewekwa juu yake, na mshale ukasimama panapostahili.

Jaribio la programu ni jiwe la mizani. Ni programu fupi inayoiuliza programu nyingine swali ambalo jibu lake linajulikana tangu mwanzo, kisha kulinganisha jibu lililotolewa na lile linalotakiwa. Mathalani, sehemu ya programu inayosafisha nambari za simu hupewa nambari ile ile katika sura tatu, moja ikianza na 0, ya pili ikianza na 255, na ya tatu ikianza na +255 pamoja na nafasi katikati. Na jibu linalotakiwa kwa zote tatu ni moja. Majaribio kama hayo yaweza kuandikwa mamia, na kompyuta huyapitia yote kwa sekunde chache kila programu inapobadilishwa. Vifaa vya kufanyia kazi hiyo ni vingi. Kimojawapo kilichoenea sana, JUnit, kiliandikwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997 walipokuwa katika ndege kutoka Zürich kwenda Atlanta.

Beck ndiye aliyeieneza pia desturi ya kuandika jaribio kabla ya kuandika sehemu inayopimwa. Mwanzoni jambo hilo huonekana kama kutanguliza mkia, lakini lina hekima. Jaribio likiandikwa kwanza hushindwa, kwa kuwa linachokipima bado hakijaundwa. Na kule kushindwa ndiko kunakothibitisha kwamba jaribio linaweza kuona kosa. Mizani ambayo mshale wake hausogei hata pakiwekwa jiwe zito haina faida, na vivyo hivyo jaribio ambalo halijapata kushindwa hata mara moja.

Majaribio ni ya ngazi tatu. Ya chini hupima sehemu moja moja, na kwa kuwa ni mepesi yapasa yawe mengi. Ya kati hupima namna sehemu zinavyoshirikiana, hasa seva na hifadhidata; katika mfano wetu, hapa ndipo Ng'wandu huhifadhiwa katika hifadhidata ya kweli kisha akatafutwa kwa ritifaa zote tatu. Ya juu hukiendesha kivinjari kizima kama afanyavyo mtu: hufungua ukurasa, huandika katika fomu, hubonyeza kitufe na kusoma jibu. Kifaa cha Selenium, kilichoanzishwa na Jason Huggins mjini Chicago mwaka 2004, kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoirahisisha kazi hiyo. Majaribio ya juu ni ya polepole na hukatika upesi ukurasa unapobadilishwa. Kwa hiyo yawe machache, nayo yatumike kwa safari zile ambazo zikikatika chama hakiwezi kufanya kazi: kusajili, kupokea pamba, kulipa.

Fedha, wakati, na kitufe kilichobonyezwa mara mbili

Yako mambo matatu ambayo kila mwenye kuunda programu ya malipo yampasa kuyapima kwa makini zaidi.

La kwanza ni hesabu zenyewe. Kompyuta hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa tarakimu hizo moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Ndiyo maana ukiiambia lugha ya JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, haikupi 0.3 bali 0.30000000000000004. Tofauti hiyo ni kama chembe ya vumbi, lakini haba na haba hujaza kibaba, na hesabu za msimu mzima huenda zisilingane na fedha zilizomo katika sanduku. Njia iliyo salama ni kuhifadhi uzito kwa gramu kamili na fedha kwa senti kamili. Kilo 37.5 huandikwa gramu 37,500; kwa bei tuseme ya shilingi 1,200 kwa kilo, mkulima hupata shilingi 45,000 bila ya mabaki. Pale ambapo mabaki hayaepukiki, swali la kuyapandisha au kuyaacha liamuliwe na wanachama, na uamuzi wao uandikwe kama jaribio. Fundi asiliamue peke yake usiku.

La pili ni kurudiwa kwa ombi. Karani hubonyeza kitufe cha kulipa. Mtandao ni dhaifu. Kioo kinakaa kimya. Hubonyeza tena. Huenda ombi la kwanza lilikuwa limekwisha fika, na jibu lake ndilo lililopotea njiani. Basi mkulima mmoja hulipwa mara mbili, na wa mwisho katika foleni hukuta sanduku tupu. Dawa ni kuipa kila fomu ya malipo nambari ya pekee wakati inapofunguliwa, na kuiamuru hifadhidata isikubali nambari moja kuandikwa mara mbili. Ombi la pili likija na nambari ile ile, seva hurudisha jibu la kwanza bila ya kulipa tena. Haitoshi programu kutazama kwanza kama nambari ipo na kuandika baadaye, kwa sababu maombi mawili yaliyofika pamoja huweza yote mawili kutazama kabla ya hata moja kuandika. Jaribio lake ni rahisi: peleka ombi moja mara mbili, kisha peleka mawili kwa wakati mmoja, na uhesabu malipo. Yawe moja.

Na ombi la kusoma lisitende jambo. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilitoa programu ya Web Accelerator, iliyokuwa ikifungua viungo vya ukurasa mapema ili kumwokolea mtumiaji muda. Katika programu ambazo kufuta kumbukumbu kulifanywa kwa kiungo cha kawaida, kumbukumbu za watu zilianza kufutwa bila ya mtu kugusa kitu.

La tatu ni wakati. Seva zilizotengenezwa vyema huhifadhi saa ya kimataifa, na kuigeuza wakati wa kuonyesha tu. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele ya saa hiyo kwa saa 3. Rwanda na Burundi kwa saa 2. Malipo yaliyofanyika Mwanza tarehe 1 Julai saa saba usiku, kwa saa ya kimataifa ni ya tarehe 30 Juni. Programu isiyolijua hilo huyaingiza katika mwaka wa fedha uliopita, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai. Zaidi ya hayo, sisi wasemaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu kuchwa na kucha kwa jua. Karani akiandika saa 2 kwa maana ya asubuhi, mtambo huenda ukaelewa saa nane ya usiku. Fomu na iulize kwa namna isiyoacha shaka, na jaribio la usiku wa kuamkia Julai liwemo katika orodha.

Kupima kwa pamoja, na mipaka ya kupima

Sehemu zote zaweza kuwa nzima, na mashine nzima isisogee. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, ambayo wananchi walitakiwa kuitumia ili kujipatia bima ya afya. Watu walikuja wengi kuliko ilivyotazamiwa, na kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofaulu kujiandikisha hadi mwisho walikuwa 6 tu. Wakandarasi walieleza mbele ya wabunge kwamba majaribio ya mfumo mzima, mwanzo hadi mwisho, yalifanywa katika majuma mawili tu ya mwisho. Fedha hazikukosekana, wala wataalamu. Kilichokosekana ni kuyaunganisha mapema yaliyotengenezwa mbalimbali, na kuyapima chini ya mzigo wa kweli.

Funzo hilo lina uzito kwetu. Programu za tovuti si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Programu ya OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika mwaka 2006 mjini Eldoret nchini Kenya na huko Rwinkwavu nchini Rwanda. Na mwaka 2008 programu ya Ushahidi, yenye jina la Kiswahili, iliundwa nchini Kenya kwa muda wa siku chache ili wananchi watoe habari za ghasia zilizofuata uchaguzi. Mahali ambapo karani hutumia simu ya bei nafuu, umeme hukatika na mtandao hupotea, programu haina budi kupimwa katika hali hiyo hiyo: simu ile, mtandao ule, majina yale. Orodha ya majina ya majaribio iwe na Ng'wandu, iwe na Fatuma binti Saidi, iwe na mtu wa jina moja tu, iwe na jina refu lisiloenea katika stakabadhi.

Hata hivyo yapasa kukiri mipaka. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alikwisha kuonya mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwapo kwa makosa lakini hayawezi kamwe kuthibitisha kutokuwapo kwake. Jiwe la kilo kumi huthibitisha mizani kwa kilo kumi. Kwa sababu hiyo, wastadi wa kazi hii hushika desturi moja zaidi: kila hitilafu iliyogunduliwa na watumiaji huandikiwa kwanza jaribio linaloionyesha, ndipo hutengenezwa. Jaribio hilo hubaki milele katika orodha, na hupitiwa kila mara programu inapobadilishwa, hata baada ya fundi aliyeliandika kuhamia kazi nyingine. Kwa njia hii programu hujifunza kwa mashaka ya watu, na mashaka ya mtu mmoja hayamfiki wa pili.

Vijana wetu wanaojifunza ufundi huu hupewa vitabu na mifano iliyoandikwa mahali ambapo majina hayana ritifaa, saa huhesabiwa tangu usiku wa manane, na mtandao haukatiki. Wajifunze yote hayo kwa bidii, maana kanuni ni zile zile kila mahali. Lakini mawe ya mizani watayapata nyumbani. Chama cha ushirika kinachokabidhiwa programu nacho kisione haya kuuliza maswali manne kabla ya kutia sahihi: je, imewahi kupewa majina ya wanachama wetu? Je, tukibonyeza mara mbili tutalipa mara ngapi? Je, jumla ya gramu na senti imelinganishwa na daftari la msimu uliopita? Na je, hitilafu ya leo itaandikiwa jaribio lini? Fundi aliyeifanya kazi yake sawasawa atafurahi kuulizwa, kwa kuwa majibu anayo tayari, na anaweza kuyaonyesha yakipita moja baada ya jingine mbele ya macho ya wenye pamba.